Ile Asubuhi Maji Iling'aa

Nyokabi mami,

Hii mwandiko si yangu, unajua mimi kalamu hunishinda. Ni Rahab anaandika, mke wa marehemu Gathogo. Amekaa hapa kwa kiti yako karibu na dirisha, na ile miwani yake imefungwa na uzi. Nilimwambia kuja uniandikie barua ya mtoto. Akaniuliza, "Kwani mtoto ameshaenda? Si yuko tu hapo town, si umwambie na mdomo?" Nikamwambia mdomo yangu imekataa mara mingi, wacha tujaribu mkono yako. Akacheka. Amekuja na karatasi za kamati ya bwawa, zile za mistari, kwa sababu yeye ndiye katibu. Hajui ni nini nataka kusema. Andika hiyo pia, Rahab. Andika "hajui". Usiniangalie, andika.

Saa hii ni saa nane mchana. Wewe uko town unaaga wenzako wa maabara. Kesho ndege yako ni ya asubuhi, na watu wetu wamekodi gari, na mama wa kanisa wanataka kuimba pale airport mpaka askari awaambie waondoke. Mimi sitakuja. Utanitafuta kwa hao watu na macho, halafu dada yako atakupatia hii barua ukiwa unaingia ndani, uisome kwa ndege. Kuna mahali lazima nisimame kesho saa moja, hapo chini bwawani, na ukimaliza kusoma utajua ni kwa nini.

Ya sweta sitakuambia. Ya kula vizuri sitakuambia, wewe hata ukiwa mdogo ulikuwa unakula ukisoma, ugali inaingia puani. Ya wanaume, dada yako mkubwa alinisikiza na angalia vile ameolewa. Hiyo yote tuiache.

Nyokabi ni jina ya mama yangu. Dada yako alipata ya mama ya baba yako, vile inatakiwa, na wewe ukapata ya mama yangu, na ndiyo mimi hukuita mami tangu ukiwa kwa mgongo. Watu wa kabila zingine hucheka, ati mwanamke mzima anaita mtoto mama. Lakini hiyo kitu ina uzito. Kila siku nikikudanganya, ni kama nimedanganya mama yangu mwenyewe. Na mimi nimekudanganya. Si zamani. Ni huu mwezi.

Unakumbuka ile Jumapili ulinikalisha hapa kwa meza na zile picha zako. Nilikuwa nataka kukamua na wewe ukasema, "Mama, dakika tano tu." Ukaniambia ile kijani ya bwawa, ile imerudi tena mwaka huu inanuka kama majani imeoza, si uchafu, ni kitu iko hai. Wewe huita mwani. Ukasema kuna ya sumu na kuna ya bure, na ukiziweka chini ya ile kioo ya kukuza zote ni vidoti tu, huwezi jua. Nikakuambia hiyo naelewa, hata ng'ombe mbili zinaweza kufanana mpaka madoa, moja inapiga teke na nyingine hapana, hutajua mpaka ukae chini na ndoo. Ukafurahi sana. Ukasema, "Sasa Mama, sisi hatungojei teke. Tunasoma damu ya ukoo."

Ukanieleza vile kila kitu hai iko na maandishi ndani yake, ndogo hata macho haiwezi. Mashine yenu inachukua kipande moja ya hiyo maandishi, inapasha moto, inapoza, inapasha moto, inapoza, na kila mara inakuwa mara mbili, mpaka inakuwa mingi ya kuonekana. Halafu mnaiweka kwa kitu kama jeli, mnamulika na taa. Ukanionyesha mstari unawaka. Ukasema hiyo ndiyo maandishi ya kutengeneza sumu, na umeipata kwa maji ya saa hii, na pia kwa tope ya chini ile umechimba na bomba. Tope ya ile mwaka ng'ombe zetu zilikufa.

Hapo mimi nikashika meza, lakini hukuona.

Nikakuuliza, "Kwa hivyo hiyo kijani ndiyo iliua?" Ukasema pole pole, profesa wako hataki mtu akimbie. Mstari unasema inaweza kutengeneza sumu. Hausemi ilitengeneza, wala hausemi iliua. Na kuna kitu imekusumbua, ukasema. Ng'ombe hazikukufa wakati maji ilikuwa kijani. Zilikufa wakati ilikuwa safi. Ukaniambia ile sumu huwa inakaa ndani ya hao wadudu wa kijani kama maziwa ndani ya kiwele, na kitu ikiwaua mara moja wanapasuka wote, inamwagika yote kwa maji, na maji inabaki inapendeza. Ukaniangalia. Ukaniuliza, "Mama, hiyo mwaka kuna mtu alitia dawa kwa bwawa?"

Nikakuambia, "Nani angetia dawa? Tulikuwa tunatafuta hata chumvi."

Ukaandika kwa kitabu yako. Nikaona unaandika. Nikaenda kukamua, na yule ng'ombe akakataa kushusha maziwa, wanajua mkono ya mtu.

Rahab ameanza kuandika pole pole. Rahab, chai yako inapoa. Haya.

Wacha nianze na Lavington, ndiyo uelewe. Kabla baba yako hajaniruhusu kukaa na ng'ombe, nilikuwa nafanya kazi kwa Mama Harpreet, Singasinga, watu wazuri, kelele tu. Nilikuwa natoka hapa Waithaka na miguu nikipita Kawangware, viatu kwa mkono, navaa nikifika kwa geti. Huyo mama alikuwa na mama mkwe hataki kuona vumbi hata nje kwa barabara. Sasa hiyo nyumba ilikuwa na pool ya kuogelea. Watoto walikuwa wameenda ng'ambo, hakuna mtu anaoga, na maji ikawa kijani kabisa, chura wamehamia. Siku moja Mama Harpreet akasema wageni wanakuja ya harusi. Shikuku wa bustani akatoka na gunia ndogo imejaa mrututu, ile dawa ya bluu tulikuwa tunapigia kahawa. Akafunga gunia na kamba, akaivuta kwa maji akizunguka pool kama mtu anatembeza mbwa. Nikamwambia, "Shikuku, unaoga dawa leo?" Akasema, "Ngoja siku tatu, mama, utajiangalia uso."

Na kweli, siku ya tatu nilijiangalia uso. Nilikuwa sijawahi kujiona hivyo mzima, na nyuma yangu mawingu.

Shikuku aliniambia kitu ingine pia, na hii ndiyo sijawahi kusema kwa mtu. Alisema, "Lakini hii maji hakuna mtu wa kukunywa." Mimi nikacheka, nikamwambia nani anakunywa pool? Ikapita.

Sasa kuja ule ukame, wakati stima ilikuwa inapotea kila siku na wewe ulikuwa form two unasoma na koroboi. Mfereji ilikauka. Bwawa ndiyo ilikuwa imebaki, na ikawa kijani hivi, nene kama rangi ya geti. Watu wakakataza ng'ombe kushuka, zenyewe pia zilikuwa zinanusa zinarudi. Mimi nilikuwa na mbili, yule mweupe na mtoto wake, na nilikuwa nabeba maji ya mtungi kutoka mtaa wa Satellite na mgongo mpaka kamba ikanichora kichwa, hapa, bado naisikia nikichana nywele. Baba yako alikuwa amelala, mguu mgonjwa. Nikakumbuka Shikuku. Kulikuwa na mrututu kwa stoo, ya miaka ya kahawa, imeshikana kama jiwe. Nikaiponda. Nikaifunga kwa gunia. Jioni nikashuka peke yangu na kamba, nikazunguka bwawa yote mara mbili, na nilikuwa nimefurahi, mami, hiyo sitaficha. Nilikuwa nafikiria vile watu wataamka wakute maji safi na wasijue ni nani, na mimi nitanyamaza tu kama malaika.

Siku ya tatu asubuhi maji iling'aa. Watoto walikuwa wanapiga kelele mpaka barabarani. Kila mtu akashusha ng'ombe yake, na mimi yangu nikaiongoza mwenyewe na mkono, na ikakunywa na kiu yote.

Usiku sikuiona ikianguka, niliipata asubuhi imekufa, mdomo na povu, mtoto wake karibu, naye amekufa. Na kwa majirani hivyo hivyo. Daktari wa mifugo akapasua, ini imevimba imejaa damu. Akasema ni sumu. Hakusema ya nini, hakuwa na mashine kama yako.

Rahab ameweka kalamu chini.

Tuliachia hapo kidogo. Alitoka nje, akakaa kwa ile jiwe ya kufulia, nilimwona kwa dirisha. Sikumfuata. Nilikaa na hii karatasi siwezi hata kujua amefika wapi kuandika. Amerudi, amevua miwani amepangusa, amekaa. Ananiambia, "Endelea." Nikamwambia, "Rahab..." Akasema, "Usiniite. Endelea. Nitaandika kila kitu yenye utasema, lakini msamaha sitakuandikia. Hiyo hutaniwekea kwa mkono."

Basi naendelea.

Watu walisema ni Gathogo. Unajua alikuwa amegombana na sisi sote juu ya njia, ng'ombe zilikuwa zinapita kwa shamba yake zikishuka bwawani zinamkanyagia mahindi. Alikuwa amesema mbele ya watu, "Siku moja hizi ng'ombe zenu mtazililia." Mtu akisema kitu kama hiyo na wiki ingine inatokea, ni nani atangoja? Wakaingia kwake wakapata mtungi ya dawa ya kupe. Kila boma ilikuwa na dawa ya kupe. Hata mimi nilikuwa nayo, iko na kifuniko ya bluu. Lakini ya kwake ndiyo ilitolewa nje ikawekwa kwa barabara watu waione.

Hakuna mtu alimpiga. Saa zingine nafikiria afadhali wangempiga, ikaisha. Walikataa maziwa yake. Pale tunapokusanyia, yule mwenye kupima akafunika ndoo na mkono, hivi, akamwambia, "Mzee, peleka nyumbani." Gathogo akafungua debe yake, akajaza kikombe, akakunywa mbele yetu, akajaza ingine, akakunywa. Maziwa ikimshuka kwa ndevu. Akasema, "Nani mwingine anataka?" Mimi nilikuwa wa tatu kwa laini.

Rahab ananiuliza hapa. Ameacha kuandika ananiuliza na sauti ndogo, "Ulikuwa umesimama hapo. Ulikuwa unafikiria nini?"

Andika vile nakujibu. Nilikuwa nafikiria, akimaliza haraka nitauza maziwa ya yule ng'ombe niliazimwa baada ya zangu kufa, kabla haijaganda. Hiyo tu. Ningependa nikuambie nilikuwa nalia kwa roho. Sikuwa.

Alirudi kesho yake na debe. Na kesho yake tena. Halafu akaacha kuja, wakawa wanakunywa wenyewe na kumwagia nguruwe. Yeye akaanza kuzunguka nyuma ya kanisa ndiyo asikutane na watu. Alikufa na pressure ya damu miaka minne baadaye, na mimi nilipika kwa hiyo matanga, Rahab, nilikupikia siku tatu. Uliniambia mimi ndiye jirani ulibaki naye.

Anaandika. Machozi inaangukia karatasi na anaandika juu yake, kwa hivyo ukiona mahali wino imepanuka si mvua.

Mami, mimi miaka hii yote nilijua ni ile mrututu imeua. Nilidhani ni dawa yenyewe. Wewe ndiye uliniambia ile Jumapili, bila kujua unaniambia, kwamba ilipasua wale wadudu ikamwaga sumu yao. Nikatafuta mahali pa kujificha ndani ya maneno yako. Nikasema moyoni, kumbe si mimi, ni kijani. Na wewe ukaenda kwa Rahab ukamwambia, "Mama, haikuwa mzee, inaonekana ni maji yenyewe." Nikaona Mungu amenitengenezea mlango. Gathogo amesafishwa, mimi nimesafishwa, hakuna mtu amelia. Kama ni hiyo tu, saa hii ungekuwa unapata barua ya sweta.

Lakini Jumanne kulikuwa na kamati. Hukuwa hapo, ulikuwa unafuata viza. Mwenyekiti akasimama akasema, sasa Nyokabi ametuonyesha kijani ni ya sumu, kwa hivyo tuiue. Akasema huko juu kwa matajiri wanatumia mrututu na maji inakuwa kama kioo. Mimi nikaruka. Nikasema, "Nyokabi amesema msiguse, amesema ng'ombe zikae mbali mpaka iende yenyewe." Mwenyekiti akacheka, "Nyokabi ni wa vitabu na hivi karibuni anapanda ndege, ng'ombe ni zetu na mfereji haina maji." Wengine wakacheka. Halafu akaniuliza, na hakuwa anacheza, "Mama Nyokabi, ni nani amewahi kuona mrututu ikiua ng'ombe? Kama yuko aseme."

Mami, ilikuwa ni kufungua mdomo tu. Watu walikuwa wamegeuka wananingoja. Rahab alikuwa ananiangalia na kalamu yake juu, ya kuandika chenye nitasema.

Nikasema, "Mimi sijui mambo ya dawa." Nikakaa.

Wakapitisha. Kamati ikatuma Rahab kununua, na iko kwake saa hii, chini ya kitanda, gunia tatu. Wanaitia kesho saa moja. Na safari hii hakuna kungoja siku tatu, wamesema wakiona maji imeanza kufunguka wanashusha ng'ombe, kwa sababu zinakufa na kiu. Na wako watoto hapo wanaoga.

Sikukuambia mapema kwa sababu ungeahirisha. Nakujua. Ungeacha ndege iende, ushuke bwawani na hiyo buti yako, na mwenyekiti angekuambia wewe ni wa vitabu. Hawakuulizi wewe. Waliuliza ni nani ameona.

Ukiniuliza nimejifunza nini kwa hii maisha, si mingi. Nimejifunza kunyamaza haikai mahali uliiweka. Nilidhani nimenyamazia ng'ombe mbili zangu. Nikajikuta nimenyamazia Gathogo, halafu mke wake, halafu kazi yako. Maana nawe umeenda kuandika kwa ile kitabu ya profesa, "hakuna kitu kilitiwa." Uliandika hivyo kwa sababu mama yako alisema. Ukipima na hiyo mashine miaka mia, hiyo laini ya uwongo itakuwa inakuharibia hesabu na hutajua shida iko wapi. Utadhani ni wewe hujui kazi. Hiyo ndiyo inanichoma zaidi, kukuona ng'ambo kwa baridi unajilaumu.

Kwa hivyo futa. Andika: mama yangu alitia mrututu, jioni, gunia moja, akazunguka mara mbili, siku ya tatu maji ikawa safi. Usiandike "mkaaji mmoja". Niweke jina. Profesa wako akicheka ati mama ya mtafiti ndiye alifanya, wacha acheke, ilimradi aelewe.

Na siku moja utakosea huko. Utachanganya chupa, ama utasahau kitu kwa moto, na hakuna mtu atakuwa ameona. Hapo sitakuwa na la kukufundisha, mimi huyo nilishindwa miaka tisa. Nataka tu ukumbuke ile kikombe ya maziwa ya Gathogo, na watu wote kwa laini wakiangalia viatu.

Sasa Rahab amesema tusimame kidogo, mkono inauma. Amekunywa ile chai baridi yote mara moja. Nimemuuliza mrututu itakaa wapi usiku. Amesema itabaki chini ya kitanda yake, hatawapatia, na wakija kuichukua alfajiri watapata mlango na komeo. Nikamwambia basi imeisha, hakuna haja ya mimi kusimama. Nilisema hivyo, mami, andika, Rahab, nilisema kweli. Roho yangu iliruka mara hiyo moja kutafuta mlango.

Rahab akavua miwani. Akasema, "Wakinyimwa hizi gunia tatu watanunua zingine Dagoretti Corner kabla ya saa nne. Na mzee wangu amelala kule na jina ya muuaji wa ng'ombe. Utasimama."

Nikamwambia nitasimama.

"Utasema nini?"

Nikasema nitaanza na Lavington, vile Shikuku...

"Hapana. Ukianza na Lavington tutafika jioni. Sema ya kwanza."

Nikasema, "Ni mimi nilitia mrututu. Gathogo hakufanya."

Akaniambia hiyo sauti hata kuku wa hapo nje hajasikia, na kesho kutakuwa na watu na ng'ombe zinalia. Sema tena. Nikasema tena. Akasema nisimame, niache kushika meza. Nikasimama, nikasema na nguvu, mpaka jirani wa ng'ambo ya ua akatoa kichwa akauliza, "Mama Nyokabi, kuna nini?"

Rahab akanitazama. Akaniambia, "Umeulizwa."

Nikaenda kwa mlango nikamwambia.

Mama yako,
Wanjiru